Mtaka cha Mvunguni: Historia ya Asili ya Sainasi kwa Wanyama na Binadamu

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno sainasi limekuwa jina la ugonjwa. Mtu husema "nina sainasi" kama anavyosema "nina presha", ilhali presha kila mtu anayo, na sainasi vilevile kila mtu anazo. Kwa asili neno hili si jina la maradhi. Ni jina la uwazi uliojaa hewa ndani ya mifupa ya uso, ambao umeunganishwa na pua kwa tundu dogo. Binadamu ana jozi nne za uwazi huo: mashavuni ndani ya taya la juu, ndani ya paji la uso, katikati ya macho, na nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Zilizo kubwa kuliko zote ni za mashavuni. Kwa mtu mzima kila moja huchukua mililita 15 hivi za hewa.

Makala hii inajadili historia ya swali moja: uwazi huu ulitoka wapi? Mwaka 1969 wataalamu wawili wa anatomia, Patricia Blanton na Norman Biggs, walipokusanya maandishi yote waliyoyapata juu ya jambo hili, waliipa kazi yao jina lenye maana ya "miaka elfu moja na mia nane ya ubishi". Hawakutia chumvi. Tangu karne ya 2 watu wamebishana, na katika muda mwingi wa ubishi huo wameanza na swali jingine, yaani, sainasi zina kazi gani? Hoja ya makala hii ni kwamba kutanguliza swali la kazi ndiko kulikochelewesha jibu la swali la asili, na kwamba ucheleweshaji huo haukuwa wa vitabuni tu. Uliwafikia wagonjwa pia.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili linawahusu nini walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika masomo ya fonetiki tumezoea kuwaambia wanafunzi kuwa sainasi zipo ili kuikuza sauti. Pili, mkanganyo kati ya asili ya kitu na matumizi yake ya leo tunakutana nao kila siku katika kuichambua lugha yenyewe.

Jina na maana yake

Tuanze na jina. Neno la Kilatini "sinus" lilimaanisha mkunjo, hasa mkunjo wa vazi kifuani ambamo mtu aliweza kuhifadhi kitu, na pia lilimaanisha ghuba. Waarabu huziita sainasi "juyub", wingi wa "jayb", yaani mifuko. Wajerumani huziita mapango ya kando ya pua. Inafaa kujua pia kwamba kipimo cha sini katika hisabati ya pembe kimetokana na neno hilohilo la Kilatini: wafasiri wa karne ya 12 walilikuta neno la Kiarabu lililotoka katika Kisanskrit, wakalisoma kama "jayb", wakalifasiri kwa maana ya mfuko au mkunjo. Kwa hiyo sini ya mwanahisabati na sainasi ya mgonjwa ni neno moja lililoingia kwa milango miwili.

Lugha hizi zote zimechagua maneno yenye maana ya nafasi tupu iliyobaki kati ya vitu. Kiswahili nacho kina neno la namna hiyo, nalo ni mvungu. Mvungu ni nafasi iliyo chini ya kitanda. Hakuna fundi seremala anayechonga kitanda kwa ajili ya mvungu. Huchonga kitanda ili watu walale, na kwa kuwa kitanda kina miguu, mvungu hupatikana wenyewe. Lakini mvungu ukishakuwapo, nyumba haiuachi bure. Utakuta viatu, sanduku la nguo, mkeka, na pengine kuku anayeatamia. Mgeni akiingia chumbani na kuona sanduku mvunguni, anaweza kudhani kitanda kilichongwa ili kuhifadhi masanduku. Historia ya elimu ya sainasi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mgeni huyo.

Kutoka Galen hadi Schneider

Tabibu Galen wa Pergamon, aliyeishi katika karne ya 2, aliona kuwa mifupa ya kichwa ina uwazi ndani yake. Mafundisho yaliyotokana na maandishi yake yalisema kwamba makamasi ni takataka za ubongo zinazodondoka kupitia vitundu vya fuvu hadi puani. Mafundisho hayo yalitawala Ulaya na Mashariki ya Kati kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Mwaka 1489 Leonardo da Vinci alichora fuvu lililokatwa, na katika mchoro wake uwazi wa shavu na wa paji la uso unaonekana wazi. Pamoja na ustadi huo wa mkono, aliupa uwazi wa shavu kazi ya kuhifadhi majimaji ya kulisha mizizi ya meno. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, katika kitabu chake maarufu cha anatomia, alieleza kuwa uwazi huo hauna kitu ndani yake ila hewa.

Mwaka 1651 tabibu Mwingereza Nathaniel Highmore aliieleza sainasi ya shavu kwa urefu kiasi kwamba kwa muda mrefu ilijulikana kwa jina lake. Alisimulia habari za mwanamke aliyeng'olewa jino la juu, naye akabaki na tundu lililovuja usaha. Mwanamke huyo alichukua unyoya, akautoa nyuzi zake, akauingiza katika tundu hilo, na alipoona unazidi kuingia bila kugota alishikwa na hofu akidhani umefika ubongoni. Highmore alimtuliza kwa kumweleza kwamba ndani ya shavu kuna uwazi. Hofu ya mama yule ilikuwa na mantiki: kama makamasi hutoka ubongoni, basi njia ya kwenda ubongoni lazima iwepo.

Njia hiyo ilifungwa rasmi na Mjerumani Conrad Victor Schneider. Katika kazi yake kubwa juu ya mafua, iliyoanza kutoka mwaka 1660, alionyesha kuwa makamasi hutengenezwa na utando unaotandikwa ndani ya pua, si na ubongo. Tangu hapo sainasi zikabaki bila kazi waliyopewa na wazee, na kila kizazi kikajaribu kuwapatia nyingine.

Kazi nyingi, ushahidi haba

Orodha ya kazi zilizopendekezwa ni ndefu. Wapo waliosema sainasi hupunguza uzito wa kichwa. Mwaka 1877 Wajerumani wawili, Braune na Clasen, walilipima jambo hilo na kukuta kwamba kama sainasi zote zingejazwa mfupa wa ndani ulio kama sifongo, uzito wa kichwa ungeongezeka kwa asilimia 1 tu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Asilimia 1 yake ni gramu 50. Kofia ya kawaida inaweza kuzidi hapo.

Wengine walisema hupasha joto hewa tunayovuta. Lakini tundu la kuingilia ndani ya sainasi ya shavu ni la milimita chache, na hewa inayopita puani kwa pumzi moja haiingii humo ila kidogo sana. Wengine walisema huukinga ubongo dhidi ya baridi. Wengine wakasema hupunguza kishindo cha mapigo ya uso. Wapo pia waliodai kuwa zamani mababu wa binadamu waliishi majini, na sainasi ziliwasaidia kuelea. Hoja hiyo inapingwa na nyangumi na pomboo, ambao huishi majini maisha yao yote na hawana sainasi hizi za puani.

Mwingereza Victor Negus, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya pua na sainasi za wanyama mbalimbali, aliichukua njia nyingine. Aliona kuwa kwa wanyama wenye pua kali baadhi ya nafasi hizo hujazwa mifupa myembamba iliyokunjamana yenye utando wa kunusia. Kwa binadamu, ambaye uwezo wake wa kunusa umepungua, alizihesabu kuwa nafasi zilizobaki tu. Hapo ubishi ulianza kutoka katika kazi na kuelekea katika asili.

Ushahidi wa wanyama

Anayetaka kuona sainasi hana haja ya kwenda maabara. Aende pale wanapopasua kichwa cha ng'ombe kwa shoka kwa ajili ya supu. Ataona kwamba mfupa wa paji si mmoja bali ni kuta mbili, na katikati yake mna vyumba vitupu vilivyogawanywa na viambaza vyembamba vya mfupa. Kwa ng'ombe mwenye pembe, vyumba hivyo huendelea hadi ndani ya mzizi wa pembe. Wafugaji wa ng'ombe wa Ankole, na jamaa zao wa Rwanda na Burundi, wanajua hatari yake: pembe ya ng'ombe mkubwa ikivunjika karibu na kichwa, tundu linalobaki hufunguka moja kwa moja hadi ndani ya paji, na likiingia uchafu mnyama huota usaha kichwani.

Kuku naye ana sainasi yake chini ya jicho. Anapopatwa na mafua ya kuku, uso huvimba upande mmoja au pande zote mbili, na uvimbe huo ni sainasi iliyojaa. Hata hivyo sainasi ya kuku na ya ng'ombe hazikutoka katika chimbuko moja. Ndege na mamba wana urithi wa pamoja, ulioonekana tayari kwa dinosauri: uwazi ulio mbele ya jicho. Mamalia waliupata wa kwao kwa njia yao. Kwa hiyo jambo hili limetokea zaidi ya mara moja katika historia ya viumbe, na hapo ndipo swali la asili linapopata uzito.

Mtaalamu aliyelichambua kwa kina ni Mmarekani Lawrence Witmer, aliyechapisha utafiti mkubwa mwaka 1997 juu ya uwazi wa mbele ya jicho wa mamba, ndege na dinosauri. Kwa ufupi, hoja yake ni hii: utando wenye kushika hewa una tabia ya kutanuka wenyewe na kuumega mfupa ulio jirani nao. Huendelea mpaka pale unapofika kwenye mfupa unaobeba mzigo wa kutafuna au wa misuli. Hapo mwili huulinda mfupa, na utando husimama. Sainasi basi ni fursa iliyotumiwa. Umbo lake linatuambia zaidi kuhusu mahali ambapo mfupa haukuhitajika kuliko kazi yoyote ya hewa iliyomo.

Ukuaji wa binadamu unaunga mkono maelezo haya. Sainasi ya shavu huanza kama kijifuko cha utando wa pua wakati mimba ikiwa na miezi mitatu hivi. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa ndogo sana, nayo huteremka kadiri uso unavyorefuka na meno ya ukubwani yanavyoota na kuiachia nafasi. Ya paji la uso haipo kabisa mtoto anapozaliwa, na kuna watu wazima ambao hawakuipata katu na wanaishi salama. Tena mtu mzima aking'olewa magego ya juu, mara nyingi sainasi huteremka na kuumega mfupa uliokuwa ukishika mizizi ya meno hayo. Jino limeondoka, mzigo umeondoka, utando umeingia.

Wanyama wa mbugani wanatupa mizani ya kupimia madai ya kazi. Andrew Farke alipochunguza mafuvu ya kongoni, katika utafiti uliotoka mwaka 2007, alikuta kwamba ukubwa wa sainasi za paji hufuata ukubwa wa mfupa wa paji wenyewe. Mwaka uliofuata alitumia kompyuta kuiga mapigo ya mbuzi wanaopigana kwa vichwa, na hakupata ushahidi wa kutosha kwamba sainasi ndizo zinazofyonza kishindo. Tembo ana fuvu lililojaa vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Anahitaji uso mpana wa mfupa wa kushikia misuli ya shingo na mkonga, na mfupa mpana usio na hewa ungekuwa mzito mno. Hapa suala la uzito, lisilo na maana kwa binadamu, lina maana kubwa. Fisi wa madoadoa ana sainasi ya paji iliyorefuka hadi kulifunika bufuru la ubongo, na watafiti wameonyesha kuwa umbo hilo la kuba husaidia kutawanya nguvu anapovunja mifupa.

Kwa hiyo si kweli kwamba sainasi hazina faida kwa mnyama yeyote. Tembo na fisi wameweka sanduku mvunguni. Mwaka 1982 Stephen Jay Gould na Elisabeth Vrba walipendekeza istilahi maalumu kwa kitu kilichotokea kwa sababu moja, au bila sababu ya kazi, kisha kikapewa kazi baadaye. Kabla ya hapo wataalamu wengi walichanganya mambo hayo mawili katika neno moja.

Binadamu na jamaa zake

Tukiwaangalia nyani na jamaa zake, hoja inazidi kuwa wazi. Nyani, tumbili na mbega wa Afrika hawana sainasi ya shavu. Katika Kisiwa cha Maboko, Ziwa Victoria, upande wa Kenya, lilipatikana fuvu la mnyama aitwaye Victoriapithecus, mmoja wa jamaa wa kale wa ukoo huo, aliyeishi miaka milioni 15 hivi iliyopita. Naye hakuwa nayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulihitimisha kuwa ukoo huo uliipoteza sainasi ya shavu mapema, na kwamba makaka peke yao, ambao leo wanaishi Asia na Afrika Kaskazini, waliipata upya. Kama sainasi ingekuwa ya lazima kwa kupumua, kwa sauti au kwa uzito wa kichwa, mbega asingeruka matawini hadi leo bila hiyo.

Sainasi ya paji la uso inasimulia habari nyingine. Mwaka 1940 Cave na Haines walionyesha kuwa gorila na sokwe wanayo inayotoka katika vyumba vya kati ya macho, kama ya binadamu, na giboni hawana. Hapa sainasi inakuwa ushahidi wa undugu: haituambii inafanya nini, bali inatuambia nani ametoka ukoo gani.

Mwaka 1921 wachimbaji wa madini huko Kabwe, Zambia, mji ulioitwa Broken Hill wakati huo, walifukua fuvu la mtu wa kale lenye matuta makubwa juu ya macho. Umri wake, kwa vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020, ni takribani miaka 300,000, na fuvu lenyewe limehifadhiwa London. Ndani ya matuta hayo mna sainasi kubwa kupita kawaida. Mwaka 2018 Ricardo Godinho na wenzake walitumia kompyuta kuyapunguza matuta ya fuvu hilo na kuiga nguvu za kutafuna, wakakuta kuwa ukubwa wa matuta hauelezwi na kutafuna. Mwaka 2022 Antoine Balzeau na wenzake walilinganisha sainasi za paji za spishi nyingi za binadamu wa kale na sokwe. Fuvu la Kabwe, la Bodo kutoka Ethiopia na la Petralona kutoka Ugiriki yalijitenga na mengine kwa ukubwa wa sainasi zake. Kwa binadamu wa baadaye, sisi tukiwemo, waliona kuwa ukuaji wa sainasi umebanwa na umbo la ubongo wa mbele. Kwa lugha nyepesi, ubongo ulikuja mbele, mvungu ukapungua.

Watu wa Neanderthal wa Ulaya wanatufundisha jinsi hadithi nzuri inavyoweza kuishi muda mrefu. Vitabu vingi vya karne ya 20 vilisema walikuwa na sainasi kubwa mno ili kustahimili baridi. Lakini makaka wa Japani wanaoishi kwenye baridi zaidi wana sainasi za shavu ndogo kuliko wenzao wa sehemu zenye joto, na uchunguzi wa mafuvu ya Wainuit wa nchi za barafu ulielekea upande huohuo. Mwaka 2011 Todd Rae, Thomas Koppe na Chris Stringer walipopima upya, walikuta sainasi za Neanderthal zinalingana na ukubwa wa nyuso zao, kama ilivyo kwa watu wa sasa wa nchi zisizo na baridi kali. Dai lilijengwa juu ya kazi iliyodhaniwa, kisha ukubwa ukaonekana kwa sababu ulitarajiwa.

Gharama ya kutanguliza kazi

Sasa tufike kwa mgonjwa. Tundu la kutolea ute katika sainasi ya shavu liko juu, karibu na dari ya uwazi, badala ya kuwa chini. Ni kama tangi lililotobolewa bomba karibu na mfuniko. Mwaka 2011 kulichapishwa utafiti uliolinganisha vichwa vya binadamu na vya mbuzi. Ulionyesha kuwa sainasi ya mbuzi humwaga majimaji vizuri zaidi, na ya binadamu humwaga vizuri zaidi kichwa kikiwa katika mkao wa mnyama wa miguu minne. Tulisimama wima, tundu likabaki pale lilipokuwa.

Kinachotuokoa ni vijinywele vidogo sana vya utando, visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma ute kupanda hadi kwenye tundu. Madaktari wa mwisho wa karne ya 19 hawakulijua hilo. George Caldwell wa Marekani mwaka 1893 na Henri Luc wa Ufaransa mwaka 1897 walieleza operesheni ya kuifungua sainasi kupitia ufizi wa juu na kuitoboa dirisha la chini kuelekea puani, ili usaha uteremke kama maji. Operesheni hiyo ilitumika kwa miongo mingi na wapo wengi iliowasaidia. Lakini Walter Messerklinger wa Graz, Austria, alipochunguza mwendo wa ute katika miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuta kwamba hata dirisha la chini likiwepo, vijinywele huendelea kuupeleka ute kwenye tundu la asili la juu. Tundu hilo likiwa limeziba, mgonjwa huendelea kuumwa ingawa ana dirisha. Kutokana na kazi yake, na kitabu chake cha mwaka 1978, upasuaji wa kisasa huingia kwa pua na kulifungua tundu la asili. Mabadiliko hayo yalitokana na kuacha kuuliza chombo kingepaswa kufanya kazi vipi, na kuanza kufuata njia ambayo ukuaji wenyewe uliiweka.

Sainasi na sauti

Turudi darasani. Je, sainasi hukuza sauti? Twiga ana sainasi kubwa kichwani, naye ni miongoni mwa wanyama wanaosikika kwa nadra sana. Mwaka 1996 Jianwu Dang na Kiyoshi Honda walipima tabia ya sainasi za binadamu katika mkondo wa sauti, wakaonyesha kuwa zina athari kwenye sauti za nazali. Athari hiyo ni ya kumeza baadhi ya masafa kuliko kuyaongeza. Tunapotamka /m/, /n/, /ny/ na /ng'/, sainasi zinahusika kwa kuchonga rangi ya sauti. Hazifanyi kazi ya kipaza sauti. Ndiyo maana sauti ya nazali hubadilika mtu anapopata mafua.

Sauti nayo ina athari kwa sainasi. Mwaka 1995 Jon Lundberg na wenzake wa Sweden waligundua kuwa sainasi hutengeneza kwa wingi gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo ina uwezo wa kupambana na vijidudu. Mwaka 2002 Eddie Weitzberg na Lundberg walionyesha kuwa mtu anayevumisha "mmm" huku amefunga mdomo hutoa puani gesi hiyo mara 15 zaidi ya anayepumua kimya, kwa kuwa mtetemo huisukuma hewa ya sainasi itoke. Hili ni jambo la kupendeza, lakini tusirudie kosa la zamani kwa kusema kwamba sainasi ziliumbika ili watu wavumishe. Ni sanduku jingine lililokutwa mvunguni.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa sainasi zimetokana na tabia ya utando wa pua kujipenyeza katika mfupa usiobeba mzigo, kwamba baadhi ya wanyama wameupa uwazi huo kazi, na kwamba binadamu ameurithi pamoja na matatizo yake. Matumizi ya leo si ushahidi wa asili.

Wanafunzi wetu wanalihitaji fundisho hili katika sarufi pia. Kiambishi "-ta-" cha wakati ujao kinaelezwa na wanaisimu kuwa kimetokana na kitenzi "-taka". Anayeangalia kazi yake ya leo tu, kama katika "mvua itanyesha", hawezi kuiona asili hiyo, kwa sababu mvua haina matakwa. Na anayeijua asili tu anaweza kudai kwa makosa kwamba mvua inataka kunyesha. Mwalimu mzuri huyauliza maswali yote mawili, kila moja kwa wakati wake: kitu hiki kinafanya nini sasa, na kilitoka wapi?

Kuhusu istilahi, neno sainasi limekwisha kuenea na hakuna haja ya kulipiga vita. Lakini mwanafunzi akiuliza maana yake, mvungu wa pua ni maelezo atakayoyaelewa mara moja, na pengine yatamsaidia kutenganisha kiungo na ugonjwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika jambo hili jibu lilikuwa tayari ndani ya fuvu la mbuzi na la mbega, likimngoja wa kuinama.